Je, Wajua? Gari Jipya, Bima ya Zamani

Je, wajua kwamba mtu akikuambia "mimi nina bima" bado hajasema kitu? Bima ya gari hukatiwa gari moja, lenye namba moja ya usajili na namba moja ya chesisi, na zote mbili zimeandikwa kwenye hati. Wengi tumezoea kuwaza kwamba tumelipia mwaka, na kwamba mwaka huo ni wetu hadi uishe, gari liwe hili au lile. Sivyo. Ulicholipia ni mwaka wa Vitz yako ya zamani. Harrier uliyoichukua yadi jana jioni haimo, hata kama mwenye mali ni yuleyule, dereva ni yuleyule na inalala palepale ilipokuwa ikilala Vitz.

Je, wajua kwamba ubishi huu ulifika hadi House of Lords, Uingereza, mwaka 1931? Ilikuwa kesi ya Rogerson dhidi ya kampuni ya Scottish Automobile and General Insurance. Bwana Rogerson alilitoa gari lake akachukua jingine katikati ya muda wa bima, kisha akapata ajali na lile jipya. Hakuwa mtu wa kubahatisha: mkataba wake ulikuwa na kipengele kinachomlinda akiendesha gari jingine badala ya lile lililokatiwa bima. Akadai kwamba hilo jipya ndilo "jingine" lenyewe. Majaji wakamkatalia. Kipengele hicho, walisema, kinasimama juu ya gari lililotajwa kwenye mkataba. Mwenyewe akishaliuza, hakuna tena kitu cha kuendesha "badala yake". Miaka minne baadaye, katika kesi ya Tattersall dhidi ya Drysdale, mahakama ya Uingereza ilishika njia hiyohiyo.

Huenda ukasema hayo ni ya kwao. Lakini sheria zetu za bima ya lazima, Sura ya 405 ya Kenya na Sura ya 169 ya Tanzania, zilishonwa kwa kipimo cha sheria ya barabara ya Uingereza ya mwaka 1930, ile iliyowalazimisha wenye magari wa huko kukata bima. Mawakili wa Nairobi na Dar es Salaam bado wanazinukuu kesi za aina hiyo. Hata maneno ya mikataba mingi ya bima tunayotia sahihi bila kusoma yametoka hukohuko.

Je, wajua kwamba stika yenye miezi minane mbele yake si sehemu ya bei ya gari? Hapa ndipo watu huumia zaidi, kwa hiyo tutulie kidogo. Muuzaji anakuonyesha gari safi, anagonga kioo kwa kidole: "Na bima ipo mpaka Desemba, hapo hutumii hata senti." Mara nyingine anaongeza bei kidogo kwa sababu hiyo. Mnunuzi anafurahi, anaondoka na funguo. Kumbe mkataba ule ni kati ya kampuni na muuzaji. Kampuni ilimpima muuzaji, umri wake, leseni yake, kazi yake na historia yake ya ajali, ndipo ikakubali. Wewe haikujui. Bila kampuni kukubali kwa maandishi kwamba mkataba umehamia kwako, gari likigongwa kesho hutakuwa na dai lolote mkononi, kwa kuwa huna mkataba nayo. Na muuzaji naye hana dai, kwa sababu si lake tena. Mtu hawezi kufidiwa kwa hasara ya mali isiyo yake.

Wapo wanaojaribu kupita kwa mlango wa nyuma: "Mkataba unasema bima inamlinda dereva yeyote anayeendesha kwa ruhusa ya mwenye bima. Aliyeniuzia kaniruhusu." Na hili lilishajibiwa, mwaka 1937 na tena kwenye rufaa mwaka 1938, katika kesi ya Peters dhidi ya General Accident. Muuzaji alikuwa amemkabidhi mnunuzi gari pamoja na hati ya bima. Mahakama ikaona kwamba aliyenunua haendeshi kwa ruhusa ya mtu. Anaendesha gari lake.

Je, wajua kwamba Tanzania unaweza kujua ukweli wa stika kabla hujatoa hata shilingi? Mfumo wa TIRA MIS, ulio chini ya Mamlaka ya Usimamizi wa Bima Tanzania, hukuruhusu kuhakiki bima kwa namba ya usajili, namba ya chesisi au namba ya stika. Utaona kampuni iliyokata, aina ya bima na tarehe inapokwisha. Trafiki barabarani hutazama hapohapo. Kenya nayo ina vyeti vya kidijitali vinavyohakikiwa kwenye mfumo wa chama cha kampuni za bima, AKI. Kwa hiyo ile biashara ya stika za kughushi zilizokuwa zikiuzwa kwenye meza za pembeni imebanwa, ingawa siwezi kukuapia kwamba imekufa.

Je, wajua kwamba kuna mpangilio wa kufuata, na wengi huanzia mwisho? Mtu akishauza gari lake, hukimbilia kampuni ya bima kufuta bima ya zamani ili arudishiwe chochote. Umiliki ataubadilisha "wiki ijayo". Sasa sikiliza. Kifungu cha 8 cha Sheria ya Trafiki ya Kenya, Sura ya 403, kinasema mtu ambaye gari limesajiliwa kwa jina lake atahesabiwa ndiye mwenye gari mpaka ithibitishwe vinginevyo. Mnunuzi wako akimgonga mtu keshokutwa, barua ya wakili inakuja kwako. Kampuni ya bima nayo itasema bima imeshafutwa, tena umeifuta wewe mwenyewe. Utabaki unatafuta mashahidi, risiti za benki na simu ya mnunuzi ambayo haipatikani. Hamisha umiliki kwanza, kwenye mamlaka ya usafiri, NTSA, kama uko Kenya, au mamlaka ya mapato, TRA, kama uko Tanzania Bara. Bima ifuate.

Je, wajua kwamba Kenya inatoa siku 14 tu? Kifungu cha 9 cha sheria hiyohiyo kinakataza gari lililouzwa kutumika barabarani zaidi ya siku 14 tangu kuuzwa, kama mmiliki mpya hajasajiliwa. Ukipita mitaani utaona magari ambayo yameuzwa mara tatu na kadi bado ina jina la mtu wa kwanza.

Je, wajua kwa nini kampuni ya bima hung'ang'ania cheti cha zamani? Si ukorofi wa karani. Kifungu cha 10 cha Sura ya 405 kinailazimu kampuni kumlipa mtu wa tatu aliyeumia na kushinda kesi, hata pale ambapo ina ugomvi na mteja wake. Ili ijinasue kwa hoja kwamba bima ilikuwa imefutwa, lazima ifutwe kabla ya ajali na suala la cheti liwe limemalizwa kwa namna sheria inavyotaka: kwa mfano kimerudishwa, au mwenyewe ameapa kwamba kimepotea. Cheti kinachozurura ni deni linalozurura.

Je, wajua kwamba kubadilisha gari katikati ya mwaka si lazima uanze upya? Ipo njia ya kurekebisha mkataba uleule. Kampuni huandika waraka wa marekebisho, linatoka gari la zamani na linaingia jipya, tarehe ya mwisho inabaki ilivyokuwa. Unacholipa ni tofauti, na tofauti yenyewe ni kwa siku zilizobaki tu.

Tufanye hesabu, maana hapa ndipo pesa ilipo. Tuseme Vitz yako ilikuwa na thamani ya shilingi milioni 12 za Tanzania na una bima kubwa, ile inayolinda na gari lenyewe, kwa kiwango cha asilimia 3.5. Ada ya mwaka ni 420,000. Harrier ni milioni 32, kwa hiyo ada yake ya mwaka ni 1,120,000. Tofauti ni 700,000. Lakini mwaka hauanzi leo, zimebaki siku 150. Chukua 700,000, zidisha kwa 150, gawanya kwa 365: ni 287,671. Weka VAT ya asilimia 18, ambayo ni 51,781, unapata 339,452. Hiyo ndiyo pesa ya kumpelekea wakala. Akikutajia namba nyingine, mwambie akuonyeshe alivyoipata. Wakala mzuri hatachukia, na wa aina nyingine ni vizuri ukamjua mapema.

Je, wajua kwamba kufuta na kuanza upya mara nyingi ni ghali kuliko kurekebisha? Ukiifuta bima wewe mwenyewe, kampuni nyingi hazihesabu siku kwa siku. Zinatumia jedwali la muda mfupi, ambalo huikatia kampuni sehemu kubwa mwanzoni. Katika majedwali yaliyozoeleka, bima iliyotumika mwezi mmoja humeza robo ya ada, miezi mitatu humeza nusu, miezi sita humeza robo tatu, na ukishapita miezi minane hairudi senti. Turudi kwa Vitz. Kwa hesabu ya siku, zile siku 150 zilizobaki zina thamani ya shilingi 172,603. Kampuni ikibakiza robo tatu ya ada ya mwaka, unarudishiwa 105,000. Shilingi 67,603 zimeyeyuka kwa sababu ulisema "nifutie" badala ya kusema "nibadilishie gari".

Na kinyume chake: kampuni ndiyo ikiamua kufuta, kwa kawaida hurudisha kwa hesabu ya siku. Neno moja kwenye barua, nani ameomba kufuta, lina bei.

Je, wajua kwamba ukitoka gari la bei kubwa kwenda la bei ndogo, kuna pesa yako ndani? Watu huuza Prado wakanunua IST kwa sababu ada ya shule imepanda, na hawaombi tofauti ya bima. Kampuni haitakupigia simu. Ukiomba, baadhi watapendelea kuiweka salio ipunguze ada ya mwaka ujao kuliko kukupa taslimu. Kubali ukitaka, ila liandikwe.

Je, wajua kwamba kama ulishalipwa dai lolote ndani ya mwaka huo, pengine hurudishiwi chochote? Mikataba mingi inasema hivyo waziwazi. Kioo cha mbele kilichobadilishwa mwezi Machi kinaweza kukugharimu salio la Septemba.

Je, wajua kwamba gari likiharibika kabisa na ukalipwa thamani yake yote, bima yako imekwisha siku hiyohiyo? Mtu amepata ajali mwezi wa tatu wa bima, kampuni imemlipa gari zima, ananunua jingine na kwenda kudai ile miezi tisa iliyobaki. Haipo. Ada yote ya mwaka imehesabiwa kuwa imefanya kazi yake, kwani kampuni imeshatimiza ahadi kubwa kuliko zote kwenye mkataba. Gari jipya linataka mkataba mpya na ada ya mwaka mzima. Na lile bovu, kama kampuni imelipa thamani kamili bila kukuachia, ni mali yao. Usianze kuuza taa zake.

Je, wajua kwamba kitu kimoja ndani ya bima ni chako kweli na unaweza kuondoka nacho? Ni punguzo la kutodai. Ukikaa mwaka bila kudai, kampuni hupunguza ada ya mwaka unaofuata, na punguzo hukua kadiri miaka inavyopita. Hilo linahesabiwa kwa mtu. Ukiuza gari, ukanunua jingine, hata ukihamia kampuni nyingine, unaweza kuomba barua ya kuthibitisha miaka yako bila madai. Iombe siku unayobadilisha, wakati faili lako bado liko mezani. Kuna jambo moja tu: huwezi kulitumia punguzo lilelile kwenye magari mawili kwa wakati mmoja.

Ambalo linatuleta kwenye kipindi kigumu: wiki ambazo mtu ana magari mawili. Jipya limefika, la zamani halijapata mnunuzi, lipo nje limebandikwa karatasi "INAUZWA". Ukihamisha bima kwenda jipya, la zamani linabaki uchi, na ndilo ambalo kila Jumamosi linaendeshwa na wateja wa kulijaribu! Kenya utapata bima ya mwezi mmoja ya watu wa tatu, ikalinda la zamani mpaka liuzwe. Ukiona mwezi ni mwingi, usilitoe getini. Sheria zetu zinagusa gari linalotumika barabarani. Uingereza wao wamekwenda mbali zaidi: tangu 2011, gari lazima liwe na bima hata likiwa limeegeshwa tu, isipokuwa mwenyewe ametangaza rasmi kwamba ameliondoa barabarani.

Je, wajua kwamba kwa bima ndogo ya gari binafsi, ile ya watu wa tatu tu, kubadilisha gari kunaweza kusikuongezee ada yoyote? Ada yake haifuati thamani ya gari. Tanzania Bara kwa miaka mingi imezoeleka kuwa shilingi 118,000: laki moja ya ada na 18,000 za VAT. Vitz au Land Cruiser, ni ileile. Lakini kutokuwepo kwa tofauti ya ada hakuna maana kwamba hakuna kazi ya kufanya. Stika bado inasoma namba ya Vitz, na trafiki hasomi moyo wako.

Kenya, kwa taarifa, ada ya bima haitozwi VAT. Badala yake kuna tozo ndogondogo: asilimia 0.2 ya mafunzo, asilimia 0.25 ya mfuko wa kuwafidia wenye bima kampuni inapofilisika, na stempu ya shilingi 40 kwa mkataba.

Je, wajua kwamba bima ya lazima ya Kenya ina dari? Kampuni hailazimiki kwa sheria hiyo kulipa zaidi ya shilingi milioni 3 kwa dai la mtu aliyeumia au kufariki. Hukumu ikizidi, kilichobaki kinakutafuta wewe. Anayetoka kwenye gari dogo kwenda kwenye basi dogo la abiria 14 afikirie hilo kabla ya kufikiria rangi.

Na hapo pana jambo jingine. Je, wajua kwamba kubadilisha aina ya matumizi ni kikwazo kikubwa kuliko kubadilisha gari? Toka Premio ya nyumbani kwenda Premio nyingine ya nyumbani, waraka mmoja unatosha. Toka Premio ya nyumbani kwenda Noah ya kubeba abiria wa kulipa, hapo kampuni hairekebishi, inaandika mkataba wa daraja jingine kabisa. Wanaojaribu kuokoa pesa huiandikisha Noah kama gari la familia. Siku ya ajali abiria saba wanatoa maelezo polisi, na wote saba wanataja nauli waliyolipa. Hakuna kampuni itakayohitaji mpelelezi.

Je, wajua kwamba gari la mkopo lina mabwana wawili? Benki iliyokukopesha imeandikwa kwenye mkataba wa bima, na fidia kubwa hulipwa kwake kwanza. Huwezi kulitoa gari hilo kwenye bima bila barua ya benki kuonyesha deni limekwisha au rehani imehamia gari jipya. Barua hiyo huchukua muda kuliko unavyodhani. Iombe kabla hujaanza kuzunguka mayadi.

Je, wajua kwamba gari lililoagizwa Japani linaweza kukatiwa bima kabla halijapata namba? Namba ya chesisi inatosha kuandikia kava noti, yaani hati ya bima ya muda, kisha namba ya usajili huongezwa ikitoka. Hapo angalia kwa makini. Magari mengi duniani yana namba ya utambulisho yenye tarakimu na herufi 17. Yale yaliyotengenezwa kwa soko la ndani la Japani, ambayo ndiyo tunayonunua kwa wingi, yana namba fupi inayoanza na alama ya muundo, kistari, kisha tarakimu: NCP kwa IST nyingi, kwa mfano. Makarani wengine wakiiona fupi hudhani imekosewa, "wanaisahihisha". Linganisha herufi kwa herufi na kadi ya gari au logibuku. Kosa la tarakimu moja lina maana kwamba umekatia bima gari ambalo halipo.

Je, wajua kwamba gari linaweza kubaki lilelile lakini bima ikahitaji marekebisho? Gari la Zanzibar lenye namba inayoanza na Z likihamia Bara, husajiliwa upya na kupata namba nyingine. Hati lazima ifuate. Injini ikibadilishwa, namba yake kwenye kadi hubadilika. Rangi pia imeandikwa kwenye kadi. Na Dar es Salaam kuna hili la gesi: madereva wengi wamefunga mtungi wa gesi asilia nyuma ya gari ili kukwepa bei ya petroli. Ni uamuzi wa busara mfukoni, lakini kampuni iliyokata bima ya gari la petroli ina haki ya kujua kwamba sasa kuna mtungi. Mwambie, uandikiwe.

Vikorokoro pia havihami vyenyewe. Kinga ya redio, kioo, ghasia za kisiasa, kifaa cha kufuatilia gari: kila kimoja kililipiwa kwa gari la zamani. Kifaa cha kufuatilia ndicho kinachosahaulika zaidi. Mwenye gari anabaki akitazama kwenye simu safari za mtu aliyemuuzia.

Je, wajua kwamba ukivuka bahari sheria inageuka? Ufaransa, gari likiuzwa, mkataba wa bima husimama wenyewe kuanzia saa sita usiku wa siku hiyo. Muuzaji anaweza kuuhamishia gari jipya au kuuvunja. Ujerumani ni kinyume kabisa na yale ya Peters: bima hulifuata gari hadi kwa mnunuzi, naye ana mwezi mmoja wa kuamua kama ataivunja. Kwa hiyo ndugu yako wa Hamburg akikuambia kwamba bima inahama na gari, hakudanganyi, ila usiyalete maneno yake Kariakoo. Marekani mikataba mingi hutoa siku chache za neema kwa gari jipya, mara nyingi kati ya 7 na 30, mradi una bima inayoendelea. Huku kwetu usitegemee neema ambayo haijaandikwa kwenye mkataba wako.

Uingereza, hata kodi ya barabara haihami. Tangu Oktoba 2014 mnunuzi hulipa yake kabla ya kuondoka na gari. Tanzania tulishaachana na leseni ya kila mwaka ya gari tangu 2017, makato yakahamia kwenye mafuta, kwa hiyo angalau foleni hiyo haipo.

Je, wajua kwamba kuna wakati hukuwa na pa kuhamia? Tanzania Bara, baada ya mwaka 1967, bima ilikuwa kazi ya Shirika la Bima la Taifa, NIC, mpaka sheria ya 1996 ilipofungua soko. Congo walikaa na kampuni ya serikali, SONAS, peke yake kwa muda mrefu zaidi, hadi sheria ya 2015. Mwenye gari wa Lubumbashi aliweza kubadilisha gari kila mwaka. Kampuni ya bima ilikuwa ileile.

Je, wajua kwamba Kadi ya Njano ya COMESA nayo imeandikwa namba ya gari? Kadi hiyo, inayofanya kazi tangu 1987, inakulinda dhidi ya madai ya watu wa tatu ukivuka mpaka, na Tanzania imebaki kwenye mpango huo ingawa ilijitoa COMESA mwaka 2000. Ukibadilisha gari, kadi ya zamani haina kazi Tunduma wala Namanga. Omba nyingine siku unayorekebisha bima, kwa sababu hutolewa na kampuni hiyohiyo, na mpakani usiku wa Ijumaa si mahali pa kuanza kumtafuta wakala wako.

Na kampuni ikikataa kurudisha salio, au ikikupiga chenga miezi? Anza kwa barua, iwe na tarehe na mhuri wa kupokelewa. Isipojibiwa, Tanzania kuna TIRA, na kuna Ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima iliyoundwa chini ya Sheria ya Bima ya mwaka 2009 kwa kazi hiyohiyo. Kenya, peleka malalamiko kwa mamlaka ya bima ya huko, IRA. Ambatanisha vitu vitatu: waraka wa marekebisho au ombi lako la kufuta, uthibitisho wa tarehe ya kuhamisha umiliki, na hesabu yako ya siku.